Yaliyobaki Mezani

Mume wangu ni mhudumu wa hoteli, na mvinyo karibu wote niliowahi kunywa uliachwa na watu wengine. Nasema bila aibu. Wateja wa chakula cha mchana wanaagiza chupa kwa mbwembwe, wanakunywa, wanacheka, halafu mmoja anaangalia saa na wote wanainuka kama wameitwa. Unaobaki ndani ya chupa, wahudumu wanagawana. Wa ndani ya chupa, jamani, si wa ndani ya glasi; kwenye hilo mume wangu ni mkali kuliko bwana afya. Uliokwisha kuguswa na mdomo wa mtu unamwagwa. Ule mwingine anaumimina kwenye chupa ya chai, anafunga kifuniko, anakuja nao nyumbani.

Mtaani wanamwita Trei, maana anatembea kama ameibeba hata akiwa mikono mitupu. Mimi ni fundi wa nguo za kike. Nashonea chumba cha mbele, cherehani iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na wateja wanakalia stuli. Jioni alikuwa anavua vile viatu vyake vyeusi mlangoni, anachukua glasi mbili kabatini, anakalia stuli ya wateja, anamimina. Kisha anasema, "Leo, fundi, unakunywa meza ya dirishani."

Hapo ndipo raha yangu ilipoanzia. Kila mvinyo ulikuja na watu wake. Meza ya dirishani ilikuwa ya bwana mmoja na mama mkwe wake. Mama mkwe kaagiza samaki, kamgeuza, kamgeuza tena, kasema huyu hakufa vizuri. Meza ya nguzoni ilikuwa ya wachumba waliogombania picha, chupa ikabaki karibu nzima. "Kwa hiyo umshukuru binti wa watu kwa kununa," Trei akasema, na mimi nikamshukuru kwa kuinua glasi. Nilikuwa nacheka mpaka uzi unakatika. Mvinyo wenyewe mara nyingi ulikuwa mchachu, na ukichanganya wa meza mbili ndiyo basi tena, lakini nani alijali. Siku nzima nilikuwa nangoja hadithi.

Halafu nikaugua. Mimi ambaye kutwa nzima nazungusha futi kwenye vifua vya wanawake, changu nilikuwa sijawahi kukigusa kwa makini, mpaka siku nilipojipima gauni langu mwenyewe na kukuta kitu kigumu kama kokwa. Tulienda hospitali wote wawili. Daktari alikuwa mwanamke, umri wa binti yetu wa kwanza, na hakuzungukazunguka. Ni saratani ya titi, akasema. Titi lingeondolewa, kisha ningewekewa dripu za dawa. Trei alikuwa amekaa wima, mikono magotini, na aliuliza swali moja tu.

"Daktari, na mvinyo?"

"Pombe inaongeza hatari," daktari akamjibu. "Kwa sasa aache kabisa. Ila msianze kutafuta mchawi. Ugonjwa huu huwezi kuunyooshea kidole ukasema umeletwa na kitu fulani. Ninao wagonjwa ambao hawajaonja pombe tangu wazaliwe."

Maneno yote hayo aliyasikia, kwa sababu kusikia ndiyo kazi yake. Lakini aliyorudi nayo nyumbani ni yale ya mwanzo.

Sasa niwaambie kuhusu wifi yangu. Dada yake Trei akija kukutazama ukiwa mgonjwa, unajitahidi upone ili aondoke. Mdomo wake haujui likizo. Alikuja kabla ya upasuaji, akakaa stuli ile ile, akala kila kilicholetwa, akauliza kila kitu, na Trei, kwa ujinga wake wa kutojua kuficha, akamsimulia alichosema daktari kuhusu mvinyo. Wifi akaweka kikombe chini.

"Kaka, si nilikwambia mimi? Hiyo chupa yako ya chai ndiyo imemponza mwenzio. Umemletea ugonjwa kila siku huku unamchekea."

Trei hakumtazama dada yake. Alinitazama mimi. Akangoja.

Mimi si mtu wa kukosa jibu, muulizeni yeyote mtaani. Wateja wanaochelewa kuja kujaribu nguo wananijua, na aliyewahi kuniambia gauni limembana kwa sababu yangu, si kwa sababu ya mapochopocho yake, ananijua zaidi. Wifi ningemmaliza kwa pumzi moja na kikombe chake angekiacha. Lakini nilikuwa nabana pindo, na pini zilikuwa mdomoni, na nikaziacha hukohuko. Mtu anaweza kusema pini zilinizuia. Pini zinatemwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, na siku ile nilitamani awepo mtu wa kulaumiwa. Trei alikuwa karibu. Nikainamia pindo langu.

Akasimama, akakusanya vikombe, akaenda kuviosha.

Tangu siku hiyo chupa ya chai ikapanda juu ya kabati, na hadithi zikaenda nayo. Niliuliza, "Vipi huko leo?" Akajibu, "Salama tu." Hakuna aliyenuna, hakuna aliyegeuza samaki. Baadaye nikaja kugundua alikuwa ameomba ahamishiwe chai ya asubuhi, ambako hakuna chupa za kufungua, na hakuniambia hata hilo.

Msinielewe vibaya, hakunitupa. Nilipotoka hospitali na bandeji kifuani, yeye ndiye aliyenivalisha. Dawa za dripu ziliponichafua tumbo, yeye ndiye aliyeshika ndoo. Nywele zilipopukutika alizifagia kabla sijaziona. Alinipikia uji mwepesi, akanionjesha kwanza kama umepoa. Huwezi kumkamata kwa lolote. Ila alinihudumia kama anavyowahudumia watu hotelini: vizuri, kwa adabu, na bila kukaa. Nikimwambia asante, anasema "karibu." Miaka yote ya ndoa yetu nilikuwa sijaambiwa karibu na mume wangu ndani ya nyumba yangu.

Nilijaribu kumwambia. Nikasema, "Trei, unakumbuka daktari alisema hakuna wa kunyooshewa kidole." Akasema, "Nakumbuka," akaendelea kukunja mashuka. Siku nyingine wifi alikuja, nikamkamata mlangoni kabla hajapata stuli, nikampa vidonge vyake vyote. Nilimwambia alichosema hakikuwa cha mtu mzima, na kwamba kama ana huruma basi aibebe arudi nayo kwake. Wifi akalia, akaniomba radhi, nikamkaribisha ndani kwa sababu sasa ningefanyaje. Lakini Trei hakuwepo. Nilikuwa nimesema maneno yenyewe kabisa, kwa mtu mwingine, yeye akiwa kazini.

Dripu zikaisha. Daktari akanipima, akaridhika, akasema tuendelee na vidonge na kuonana mara kwa mara. Nikamuuliza kwa haya kidogo kama glasi moja ingeniua, maana siku ya kukumbuka ndoa yetu ilikuwa inakaribia. Akacheka. Akasema glasi moja kwa siku kama hiyo hatanikataza, ila nisiirudishe kuwa mazoea. Nikatoka pale moyo umefunguka. Nilijiambia dawa ya Trei nimeipata.

Nilikwenda dukani mwenyewe. Muuzaji akaniuliza nataka mkali au mtamu, mwekundu au mweupe. Nikamwambia, "Nipe ule ambao watu hawaumalizi." Akanitazama kama nimechanganyikiwa, akanipa mwekundu. Ilikuwa chupa yangu ya kwanza ambayo haijaanzwa na mtu.

Siku yenyewe, Jumapili, jua bado liko dirishani, nikaondoa vitambaa kwenye meza ya kukatia, nikatandika kitambaa cheupe. Glasi mbili. Viti viwili, si stuli. Nikavaa gauni langu la bluu, ambalo nilikuwa nimelipunguza kifua upande mmoja, na kwa kazi ile sijisifu bure, lilikuwa limekaa vizuri. Nikajipaka wanja. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi na laini.

Trei akaingia na mkate mkononi. Akaitazama meza, akanitazama mimi, akaitazama chupa. Nilidhani chupa itanisemea.

Akaweka mkate. Akaenda jikoni, akarudi na taulo dogo limekaa mkononi, na kizibuo chake, ambacho kumbe alikuwa bado anakitunza mfukoni mwa koti la kazi. Akanivutia kiti, nikakaa. Akanionyesha lebo ya chupa, akafungua bila sauti, akanimiminia kidogo nionje. Nikaonja, nikaitikia kwa kichwa. Akajaza glasi yangu kwa kipimo chao kile, akazungusha shingo ya chupa ili tone lisidondoke. Halafu akarudi nyuma, akasimama pembeni ya kiti changu.

"Na yako," nikamwambia.

"Baadaye."

"Kaa, Trei."

"Niko sawa."

Nikanywa. Ulikuwa mvinyo mzuri, pengine mzuri kuliko wote, lakini raha yake sikuiona. Niliona aibu, nikaona na hasira, nikijikasirikia mwenyewe zaidi kuliko yeye. Nikaiweka glasi mezani ikiwa nusu.

"Haya, nimeacha," nikasema. "Hiyo si ndiyo kazi yako? Nipe hadithi ya meza hii."

Akafuta shingo ya chupa kwa taulo. Kisha akaanza, na sauti ilikuwa ile ile ya zamani, ya stuli na viatu vilivyovuliwa, mpaka moyo ukanipaa.

"Walikuwa watatu," akasema. "Mama mmoja fundi, na mumewe, na dada yake huyo mume. Yule mama alikuwa anaumwa. Dada mtu akasema mume ndiye aliyemletea mkewe ugonjwa, kwenye chupa ya chai. Kila siku, huku anamchekea."

"Na mke?"

"Mke alikuwa na pini mdomoni."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu."

"Hadithi haiishii hapo," nikamwambia. "Alitaka kusema, Trei. Alitaka sana."

"Inawezekana," akasema taratibu. "Mimi mhudumu, mama watoto. Nasikia yanayosemwa mezani tu."

Nikageuka kwenye kiti nimtazame. Nikamwambia basi asikie. Nikamwambia si yeye, hakuwa yeye, na mvinyo wake ulikuwa furaha yangu ya kila siku. Nikamwambia kwamba siku ile nilimwacha alaumiwe kwa sababu nilikuwa naogopa kufa, na kwamba kwa muda mfupi, ule muda wa pini, niliamini kweli. Hilo la mwisho ningeweza kulimeza. Nilikuwa nimechoka kumeza.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama kidogo, kama anavyomsikiliza mteja ili asikosee. Macho yake yalilowa, hilo niliona.

"Nimesikia," akasema.

Kwa sauti ya kupokea oda. Akachukua glasi yangu, akaenda nayo jikoni, nikasikia akiumwaga mvinyo, maana wa glasini hauhifadhiwi. Akaifunga chupa kwa kizibo chake, akaiweka juu ya kabati, kando ya ile ya chai. Glasi yake akairudisha bila kuiosha, ilikuwa safi. Kisha akaondoa kitambaa cheupe, akaja na kibichi, akaanza kuifuta meza, kuanzia upande wake, pole pole, mpaka kwenye kingo.

Nilikuwa nimeegemeza mikono yote miwili mezani. Alipofika kwangu akasimama, akangoja niiinue.