Masale Chini ya Dishi

Mume wangu Augustino ana akili, siwezi kumsingizia, lakini mbele ya televisheni akili yake hutoka nje kwenda kuchunga mbuzi. Ndiyo maana nusura ndugu wawili wakatane mapanga hapa Kibosho, mchana kweupe, mimi Dominika nikiwa katikati na mwiko mkononi.

Mambo yalianza walipozima mitambo ya zamani ya televisheni. Tulikuwa na TV ya chogo, ndogo lakini nzito kama gunia la mahindi, na kila jioni shemeji yangu Evaristo, kaka yake Augustino, alivuka kutoka kwake kuja kuangalia taarifa ya habari. Walisogeza viti mpaka magoti yaguse kabati, maana macho ni ya wazee na kioo kilikuwa kidogo. Wanabishana, wanacheka, wanamaliza mbege yangu, pombe ya ndizi. Siku moja tukawasha, chenga tupu. Dijitali imeingia. Evaristo alizikodolea macho zile chenga, akaenda zake kulala.

Mwanetu Jovin, yuko Dar, akatuma TV mpya, bapa, pana mpaka picha ya Moyo Mtakatifu ikabidi ihamie juu ya mlango. Akatuma na king'amuzi na dishi. Fundi akapanda kutoka mjini Moshi, kijana anaitwa Ronald, mzaliwa wa kambi za miwa huko tambarare. Akazunguka kihamba chote, shamba letu la migomba na kahawa, akiangalia juu. Akisimama hapa, mgomba. Akihamia kule, mti wa kivuli cha kahawa. Dishi linataka anga tupu, na anga tupu kwetu ilikuwa sehemu moja tu: mpakani na Evaristo, pale yalipoota masale.

Mgeni akiyaona masale ataona majani marefu ya kijani, basi. Kwetu Wachagga hiyo ndiyo alama ya mpaka, na ndilo jani la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu ukampelekea sale, hawezi kukukataa. Akikataa, balaa ni lake. Na yale ya pale aliyapanda marehemu baba mkwe kwa mkono wake, siku alipowagawia wanawe kihamba. Akawaambia, atakayeyang'oa amenifukua mimi.

Ronald wa watu aliuliza. "Mzee, haya maua niyaache?"

"Ng'oa," Augustino akasema. Mpira ulikuwa unakaribia kuanza. "Nitayarudisha kesho. Kaka yangu yuko Marangu kwenye msiba, hatajua."

Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi nikakuta bomba la dishi limesimama kwenye zege bichi, masale yametupwa juu ya lundo la samadi, na mume wangu anashangilia peke yake kama chizi. Nilimtukana, sifichi. "Baba Jovin, umerogwa? Yarudishe sasa hivi!" Ningeyarudisha mwenyewe, ila mpaka wa wanaume mke haugusi.

"Kesho, mama," akanijibu, macho kwenye kioo. "Hebu ona nyasi za uwanja zilivyo kijani!"

Kesho ikazaa kesho nyingine, na Evaristo akarudi. Nilimwona akisimama mpakani, akavua kofia. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alimwita mdogo wake, akamwambia, "Umemfukua baba. Nikifa usije kunizika. Ukifa, mimi siji."

Yesu na Maria! Kwetu hakuna neno zito kuliko hilo. Watu hugombana, hushtakiana, lakini kuzikana huzikana.

Nilimsihi Augustino abebe sale aende. Akagoma. "Kwa majani tu? Mimi ni mdogo wake, siyo mtoto wake. Atapoa." Lakini jioni ilipofika akakaa mbele ya lile TV pana, na habari ya bei ya kahawa ilipotangazwa akageuka pembeni kubishana na kiti kitupu. Nikamwona. Akajifanya anakohoa. Niliumia, ila sikumhurumia.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana tukasikia ta! kule mpakani. Kioo kikawa cheusi. Augustino akaruka, akachomoa panga nyuma ya mlango, huyoo. Nikamfuata mbio na mwiko wangu wa ugali.

Evaristo alikuwa amesimama chini ya dishi, waya umekatika miguuni pake, panga limeinuliwa kwa pigo la pili. "Njoo!" akanguruma. "Njoo nikuunganishe na baba!"

"Gusa tena uone!" Augustino naye akainua lake.

Walikuwa na mvi wote wawili, na mishipa ya shingo imewatoka. Nilipiga yowe, hakuna aliyegeuka. Ndipo nikaliona lile lundo la samadi. Masale hayafi upesi, jamani. Siku zote zile yalikuwa bado kijani. Nikararua jani moja, nikalibandika kwenye mkono wa kushoto wa mume wangu, nikamfunga vidole juu yake.

"Augustino! Mkono mmoja una panga, mwingine una sale la baba yako. Chagua wa kunyoosha!"

Mume wangu alilitazama lile jani kwa muda mrefu mpaka nikaanza kusali Salamu Maria moyoni. Kisha panga lake likaanguka kwenye nyasi. Akapiga magoti, akalishika jani kwa mikono miwili.

"Kaka, nimekosa. Nimemkosea baba, nikakukosea na wewe."

Evaristo akashusha panga, lakini hakupokea haraka. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye ndevu. "Unaniletea sale lenye samadi?" akasema.

"Ndilo la baba, shemeji," nikamjibu. "Wewe ulitaka lipi?"

Akalipokea. Akalifuta kwa shati lake, taratibu, pande zote mbili.

Bomba walilitikisa wenyewe mpaka zege likang'oka, wakarudisha masale kwenye shimo lilelile, wakashindilia udongo kwa miguu. Kisha wakaingia ndani wakiwa na matope, wakavuta viti kwa mazoea mpaka magoti yakagusa kabati, wakadai mbege. Dishi limelala chini, TV iko kimya, na wao wanabishana nani alishindilia vizuri zaidi.

Simu ikalia. Jovin. "Shikamoo mama. TV inaonekana?"

"Marahaba, baba." Niliangalia kile kioo cheusi. Mwanga wa mlangoni ulikuwa umeingia, na wazee wawili walionekana humo bega kwa bega, vibuyu mkononi. "Inaonekana vizuri sana."

"Inaonyesha nini?"

"Baba yako na baba yako mkubwa," nikasema. "Wameenea wote wawili."