Antena ya Atupele

"Mkinifunikia ziwa, nahama!" Ndivyo mume wangu Mika alivyofoka tulipomwekea antena ya sahani dirishani. Akaiangusha kwa mkongojo. Milima ya hapa Matema inaziba mtandao. Simu inashika nje mgombani, ndani inakufa. Na Mika miguu imepooza, anashinda dirishani akitazama ziwa. Ukimnyima hilo umemuua.

Mke wa mwanetu Gwamaka, Atupele, ni fundi wa antena huko Mbeya. Akatengeneza utando wa kunasa mtandao, wa kubandika kwenye kioo, waya zake nyembamba hata jicho halizioni, mwanga unapita na ziwa linaonekana vilevile. Jamani, huyu mtoto nampenda!

Tatizo ni Mika. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Vijana wengi wameshaacha, lakini mzee wangu ni kichwa ngumu. Tangu aolewe, Atupele anakuja kumlimia mpunga, anamnunulia dawa, hajasikia hata asante. Kisirisiri Mika ananiuliza mimi: "Amekula? Ana sweta?" Si umuulize mwenyewe! Nilikuwa naogopa mzee atakufa hajamwita "mwanangu".

Zamani Mika angetoka kumpisha. Sasa hawezi, basi siku ya kubandika akajifunika kitenge changu gubigubi kama bibi harusi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Atupele naye akabandika utando kwa nje, uso kaugeuzia pembeni, anapapasa kioo kwa vidole huku namwelekeza: juu, kushoto, hapohapo. Akanipitishia waya dirishani, nikauchomeka kwenye kiboksi chake cha kusambaza mtandao ndani. Alipomaliza akakimbilia mgombani, akatupa kisogo.

Simu ikashika mtandao mle ndani, tena vijiti vyote. Mika akavua kitenge, akatazama nje. Ziwa lilikuwa palepale.

"Mama Gwamaka, nipigie simu."

"Kwa Gwamaka?"

"Kwa mkewe."

Weee! Nikakosea namba, nikarudia. Kule mgombani simu ikalia.

"Atupele," Mika akasema. "Ndaga fijo. Asante sana, mwanangu."

Tulimsikia akilia tu, kwenye simu na kule nje.

"Geuka nikuone."

"Baba, naogopa."

"Hata mimi naogopa. Geuka tu."