Kitwitwi wa Mashimo ya Matofali

Jua lilikuwa limeshakaza katika bonde la Murungu. Kezia alikuwa anapalilia mpunga, jicho moja halibanduki kwa binti yake Aline. Zamani bonde lile lilikuwa majani na maji tu. Wafyatua matofali wamelichimba hadi likawa mashimo matupu. Mvua imeyajaza, magugumaji yametanda juu, na ukitazama unadhani ni uwanja wa kijani. Mtu mzima anazama pale hadi shingoni. Mtoto je?

Aline alikuwa amechuchumaa kwenye uwanja wa kuanikia matofali, anamtazama kitwitwi, ndege mdogo wa miguu mirefu. Mayai yake yalilala chini kati ya vipande vya matofali, rangi ileile ya udongo.

"Mama, anaenda kuoga tena!"

Kezia akanyanyuka. Kweli, ndege alishuka ukingoni, akalowesha manyoya ya tumbo, akarudi mbio kuyalalia mayai, maji yakiyachuruzikia. Anayapoza! Kezia alibaki na magugu mkononi, mdomo wazi. Nani kamfundisha?

"Mama Aline, umeota mizizi?" jirani yake Mpawenimana akamchokoza. "Shamba halipaliliwi kwa macho."

"Njoo uone kazi ya Mungu, wewe!"

Wakiwa katika utani huo, Aline akasogea ayaguse mayai. Ndege akachomoka, akalala ubavu, akaburuta bawa kama limevunjika, huku akilia.

"Kaumia! Namshika!"

Kitwitwi akajiburuza, akangoja, akajiburuza tena, mpaka juu ya kile kijani. Hakuzama, mwepesi kama jani. Hapo Kezia akaona anakoenda binti yake. Akakimbia, mpunga wake mwenyewe akiukanyaga.

"Mwana wanje, mwanangu! Simama hapo hapo!"

Alimdaka gauni, mguu mmoja umeshamezwa hadi pajani, akamvuta nje. Ndege akaruka, mabawa yote mazima, akarudi kwenye mayai yake.

"Kumbe alikuwa ananidanganya," Aline akasema, analia.

"Alikuwa analea," Kezia akajibu, akimfuta tope mguuni. Hasira juu ya yule ndege aliitafuta moyoni, akaikosa.

Siku hiyo palizi iliishia hapo. Yeye na Mpawenimana walikata matawi ya miiba, wakalizungushia shimo, wakiyapitia mbali yale mayai. Nanyi mnaolima mabondeni, zungushieni mashimo yenu leo. Na mtoto akiona ndege anaburuta bawa, mshikeni mkono kwanza, ndipo mstaajabu.