Ng'ombe Aliyekataa Kuingia Kompyutani

Bi Mwanakhamis wa Madungu alikuwa na maradhi mamoja yasiyo na dawa: hajui kukaa na jambo zuri peke yake. Mwanawe Ngwali alipompigia simu kutoka Dar kumwambia kuwa gemu lao limetoka, gemu la mchezo wa ng'ombe wa Pemba, ule wa kuchezana na dume kiwanjani, na kamba yake na zumari lake na vumbi lake, simu haijapoa mkononi, Chake Chake nzima inayo habari. Na kwa kuwa mtoto hakuahidi kitu, mama aliahidi kwa niaba yake: Idi pili, njooni na kompyuta zenu, Ngwali atawatilia ng'ombe nyote.

Ngwali alishuka bandarini Mkoani hajui hili wala lile. Kufika nyumbani, viatu vimejaa kuanzia kizingitini hadi barazani, na ndani watu wamekaa na laptopu mapajani kama wazazi wanaosubiri zamu kliniki. Ahmada, mtoto wa mama yake mkubwa, katoka Micheweni tangu asubuhi na yake kaiviringisha kwenye kanga isiingie vumbi. Kaulima mwani msimu mzima ndipo akaipata, na kilichomtia hamu ni hilo hilo gemu.

"Haya, injinia!" Bimkubwa, jirani wa ukuta mmoja, alimpokea hata salamu hazijesha. "Tutilie ng'ombe wetu kabla pilau haijaiva. Mie hii n'meazima kwa mkwe wangu, na sikumwambia ya nini."

"Akiuliza?"

"N'tamwambia inafugiwa ng'ombe!"

Nyumba ikacheka. Ngwali naye akacheka. Kwenye simu alisema gemu limetoka, akaishia hapo. Hakusema limetokea wapi. Lilitoka kwa mashine za gemu tu, zile za kuchomekwa kwenye TV na kuchezewa kwa padi, na chumba kizima kile hakuna aliyekuwa nayo hata moja.

"Kwenye kompyuta halimo," alisema.

"Halimo vipi?" aliuliza Ahmada.

"Limetoka kwa mashine za gemu peke yake."

"Alaa!" Bimkubwa akaipiga kofi laptopu ya mkwe. "Hii watu wafanyia mitihani, waangalia harusi za Maskati, leo ishindwe na ng'ombe?"

Jawabu la kweli lilikuwapo, tena fupi. Kazini wao ni watatu. Mashine ya gemu iliyoko Dar ni ile ile iliyoko Japani. Ukimfundisha ng'ombe kutembea kwenye moja, kajua kutembea kwenye zote. Kompyuta kila moja ina tumbo lake: hii ina nguvu, hii imechoka, hii imelishwa kila takataka. Kazi ya kumtembeza ng'ombe kwenye kompyuta alipewa yeye Ngwali, na ikamshinda. Wenzake wakamwambia kwa upole, basi, tuutoe upande mmoja, wa kompyuta tuuache. Na upole ule ndio uliomuuma kuliko matusi.

Sasa hilo utalisemaje mbele ya nyumba iliyojaa, na mama yako keshapita mlango kwa mlango akikuita injinia? Ngwali akatafuta pa kujificha, na pakapatikana.

"Kompyuta tumeziruka kwa sababu ya wizi," alisema, na sauti akaitia ukubwa. "Gemu likiingia humo, mmoja ananunua, kesho mtaa mzima unalo kwenye fleshi. Hata humu ndani, nikimtilia mmoja, nani mwengine atanunua?"

Wizi upo, si kwamba haupo. Wako wenye magemu wanaozikimbia kompyuta kwa hilo. Lakini si uliomkimbiza yeye.

Bimkubwa alitazama dari. Ahmada akaichukua kanga yake, akaanza kuiviringisha kompyuta taratibu, kama anayemvisha mtoto.

"Mama mdogo, mie n'nakwenda. Gari za Micheweni zitan'acha."

"Ahmada! Na chakula hicho?"

"N'meshiba. Mwizi hangoji kukaribishwa."

Akatoka.

Mgeni wa Idi kutoka nyumbani na njaa si jambo dogo. Habari hiyo hufika Wete kabla ya mgeni kufika stendi. Bi Mwanakhamis hakupiga kelele. Mwanamke aliyejaza nyumba wageni umri wake wote alikaa kitako mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, macho kwenye mkeka.

"Miye sijapata," alisema. "Sijapata hata siku moja mgeni kunitoka na njaa."

Ngwali akatoka mbio miguu mitupu. Akamdiriki Ahmada karibu na msikiti.

"Yakhe, rudi."

"Nikaibe nini?"

"N'mesema uongo. Si wizi."

"Waniambia mie hapa njiani?" Ahmada hakusimama. "Kawaambie waliokusikia."

"Rudi basi uwepo nikiwaambia."

Wakarudi. Ngwali akachomoa kwenye begi fleshi yenye lile gemu la kompyuta lililomshinda, alilokuwa hajamwonyesha mtu nje ya kazini, akalitia kwenye laptopu moja baada ya nyengine. Kwenye ya mkwe wa Bimkubwa, ng'ombe alitokea hana kichwa. Ya pili, kioo cheusi, zumari linalia peke yake gizani. Kwenye ya Ahmada ng'ombe alizama ardhini hadi nundu, akawa anakatiza kiwanja kama papa, kisha kompyuta ikavuma, ikapata moto, ikazima.

"Wangu keshachinjwa!" Bimkubwa alipiga kelele. "Wako, Ahmada, kamvue kwa nyavu!"

Watu wakacheka hadi machozi. Ngwali alingoja wamalize, na walichukua muda.

"Ndiyo sababu," alisema. "Kazi hiyo ilikuwa yangu, na imenishinda. Nyinyi si wezi."

Bi Mwanakhamis aliinuka, akapakua.

Wanaume wakakaa kwenye sinia moja, Ahmada akakaa akielekeana na Ngwali. Walikula, wakazungumza bei ya karafuu, hakuna aliyemtaja ng'ombe. Kisha Ahmada alivunja kipande kikubwa cha nyama katikati ya sinia, na kwa ncha za vidole akamsukumia Ngwali upande wake, kama mwenye nyumba anavyomfanyia mgeni aliyefika na njaa.

"Kula, ndugu yangu," alisema. "Una kazi weye."

Ngwali akaitia kinywani. Aliitafuna muda mrefu, kichwa chini.