Mshale Ambao Zunilda Hakuufundisha

Zunilda mwenyewe ndiye aliyemleta Nidia redioni, na hilo ndilo lililomchoma. Angeletwa na mtu mwingine, walau angepata wa kumlaumu.

Redio yenyewe ni ndogo, iko juu ya duka la mbegu pale mjini Villarrica, lakini kila alfajiri mji mzima na mashamba yake husikiliza salamu za kuzaliwa. Siku yako ikifika na jina lako lisisomwe, majirani wanakuuliza umewakosea nini. Majina hayo Zunilda aliyakusanya miaka mingi, kwa simu, sokoni, nje ya kanisa baada ya misa, akayaweka yote kwenye faili moja la kompyuta aliloliita saludos, yaani salamu. Kompyuta ni kuukuu, haina picha za kubonyeza. Unaiandikia amri kwenye kioo cheusi, nayo inakujibu kwa maandishi.

Amri zile Zunilda alizijua kama sufuria zake. Grep inachambua mistari kama unavyochambua maharage: ipe tarehe ya leo, inakutolea wa leo tu. Sort inapanga. Uniq inamtoa aliyejirudia. Kijiti kilichosimama wima, |, kinapokea kazi ya amri moja na kumkabidhi jirani yake. Halafu kuna mshale, >, ambao unamimina kilichopatikana ndani ya faili.

Yote hayo alimfundisha Nidia, aliyekuwa akiuza chipa, vile vimkate vya jibini, pale pale mlangoni. Kitu kimoja tu alikibana. Mshale hausubiri. Kabla amri haijasoma chochote, mshale umeshakisugua chombo, yaani faili, kikabaki kitupu, ndipo unamimina. Kwa hiyo ukichota kwenye faili na kumimina humo humo, umepoteza vyote. Zunilda mwenyewe yalimpata hayo kwa faili la nyimbo, akalia kama aliyefiwa. Lakini Nidia alipouliza, "Ndiyo yote hayo, mwalimu?" alijibu, "Ndiyo yote." Kama mpishi anayekufundisha pishi zima, ila kiungo kimoja amekifunika na kiganja.

Ndipo msomaji wa salamu akastaafu, kiti kikabaki wazi. Zunilda alikuwa akikitamani kiti kile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Don Anastasio, mwenye redio, akasema wao wawili wasome kwa zamu, kisha Jumamosi ataamua.

Zunilda akasoma vizuri, bila kukosea. Nidia akasoma kama anauza chipa za moto, na watu wakaanza kuleta machungwa. "Haya ya binti," walisema, wakimpita Zunilda kizingitini. Mume wake naye, akinywa chai yake ya yerba mate jikoni bila habari, akasema, "Yule msichana anaamsha watu vizuri, eti?"

"Basi kesho akuamshe yeye," Zunilda akamjibu, na mbejú, ule mkate wa kikaangoni, ya siku ile ikaungua upande mmoja. Upande wa mume.

Jumamosi waliingia wote mapema. Don Anastasio alisimama nyuma ya kiti cha Nidia, mikono mfukoni.

"Jana nimesoma jina la bibi mmoja mara mbili," Nidia akasema, akicheka. "Nikamzeesha miaka miwili kwa mpigo! Ngoja nisafishe faili kabla ya kipindi."

"Unaona, Zunilda?" don Anastasio akasema. "Anajituma huyu."

Zunilda akainua macho kwenye kioo. Nidia alikuwa ameandika: sort saludos | uniq > saludos. Jina lile lile huku, jina lile lile kule.

Mdomo wa Zunilda ulifunguka. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi, "Acha, usibonyeze." Lakini macho yake yakaenda kwenye machungwa mezani, na mdomo ukajifunga. Nidia akabonyeza.

Kioo hakikulalamika, mshale haulalamiki. Nidia akaita majina ya leo, hayakuja. Akaita ya jana, hayakuja. Akalifungua faili, jeupe kama sahani iliyooshwa.

"Mwalimu," akasema taratibu. "Mwalimu, yako wapi?"

Nakala ya akiba ilikuwa kwenye diski iliyokufa na radi ya Januari, na wote watatu walijua. Don Anastasio akashika kichwa. Moyo wa Zunilda uliruka kwa furaha, halafu ukatua mahali pabaya, maana yale yalikuwa majina yake, miaka yake, foleni zake za sokoni. Hata hivyo alingoja amwone Nidia akilia.

Nidia hakulia. Saa ya kipindi ilipogonga akavuta kipaza sauti. "Villarrica, amkeni! Leo nimefanya ujinga, nimefuta majina yenu yote, kosa ni langu peke yangu. Nipigieni mniambie nani amezaliwa leo, na mkitaka kunitukana, tukaneni kwa adabu, watoto wanasikiliza."

Simu haikupumua. Mmoja alimtaja mama yake, mwingine akamtaja ng'ombe wake, mji ukacheka. Wimbo ulipowekwa, don Anastasio alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

"Kiti ni chako, binti," akasema. "Zunilda, wewe andika majina upya wanavyopiga. Una subira wewe." Akashuka kwenda kununua chipa.

Zunilda akaandika jina la kwanza.

"Nisamehe, dada," Nidia akamwambia, akimsukumia chungwa. "Kazi yako ya miaka yote. Najua ungekuwa umeona, ungenipigia kelele."

Wimbo ulikuwa unaishia. Zunilda angeweza kulipokea lile chungwa, na hapana mtu duniani angejua kitu.

"Niliona," akasema.

"Uliona nini?"

"Niliona mshale. Nilijua utafanya nini. Niliacha kukufundisha kwa makusudi, na leo nikanyamaza kwa makusudi."

Nidia akamtazama, chungwa bado liko baina yao. Taa nyekundu ikawaka.

"Villarrica, tumerudi!" Nidia akasema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Zunilda akainamisha kichwa, akaendelea kuandika, akiionea wivu hata sauti hiyo.