Kosa 030C na Bukari ya Saa Sita

Anaclet alifariki Alhamisi, wiki ile ile tanuru za shaba zilipozimwa na wanaume wa avenue nzima wakarudishwa nyumbani. Moyo wake ulisimama asubuhi, chai ikiwa bado mkononi. Mkewe Victorine alibaki na chumba cha mbele: kompyuta, na mashine ya kuchomea diski za harusi na matanga, ambayo Anaclet alikuwa akiisema kama jirani mwenye kununa.

"Iko sawa na mugonjwa wa dispensaire," alizoea kusema. "Unamuuliza panauma wapi, anakujibu: mwilini."

Mwezi ulipopita, ikawa zamu ya Victorine kuiuliza. Mama mkwe wake, aliyekuwa mbali mjini Kongolo, alikataa kumaliza matanga kabla ya kuona kwa macho yake mwanawe akizikwa. Kulilia simu, alisema, si kulia. Filamu ya mazishi ilikuwa tayari ndani ya kompyuta. Numbi, mdogo wa marehemu, angeipeleka kwa treni ya saa nane, na hakuna aliyejua treni nyingine ingeondoka lini.

Saa tano na nusu mashine ikaitema diski ya kwanza. Kwenye kioo cha kompyuta: kosa 030C, kuandika kumeshindikana. Ya pili, 030C. Ya tatu, vilevile. Victorine akabeba mbili zilizobaki mpaka dukani kwa Kambale, mfanyabiashara mwenye asili ya Butembo aliyemuuzia.

"Papa Kambale, umeniuzisha visahani!"

"Mama, diski zangu ziko muzuri. Pasta alichukua mia, mahubiri yake inasikika mpaka Kasenga."

"Na mimi nina kosa gani?"

"Uliza mashine. Pengine nayo iko kwenye matanga."

Victorine akacheka, mara ya kwanza tangu ile Alhamisi, kisha akakasirika kwa kucheka.

Nyumbani alimkuta Numbi amekalia begi lake. "Yaya," alimwita kama dada yake mkubwa, "niende mikono mitupu?"

Akaingiza diski ya nne. Safari hii hakukitazama kioo. Akaona taa ya darini ikigeuka njano kama kiini cha yai, akaisikia mashine ikikoroma, ndipo 030C ikatokea. Dirishani ikaingia harufu ya samaki. Hapo akaelewa. Zamani, mchana, wanaume walikula kazini. Sasa kila nyumba iliwasha réchaud, jiko la umeme, kupika bukari, ugali wa mchana, saa ile ile, na umeme ukabaki wa kulamba tu, usiotosha mashine.

Akatoka barabarani akipiga makofi. "Bandugu! Muzime réchaud, robo saa tu!"

Ngosa, jirani aliyekuwa fundi wa tanuru, akachungulia na mwiko mkononi. "Victorine, mayi inaanza kuchemka! Anaclet akiwa hai alituzuia kulala na muziki yake. Sasa amekufa, anatuzuia kula?"

"Ni mama yake anangoja, Ngosa."

Ngosa akaweka mwiko chini, akaenda mlango kwa mlango akipaza sauti: "Muzime! Anaclet anaenda Kongolo!"

Taa ikawa nyeupe. Dakika kumi na nne avenue ikasimama milangoni na njaa yake. Mashine ikaitoa diski ya mwisho bila neno. Numbi akakimbia.

Jumapili iliyofuata mama mkwe akamaliza matanga.

Sasa Victorine huchoma diski kuanzia saa mbili asubuhi. Saa tano anazima mashine, anawasha réchaud, anapika bukari ya mtu mmoja.