Gari la Mchimba Visima

Boneti lilikuwa baridi, na hilo likamzidishia wasiwasi.

Mama Hebu-Tuone aliuacha mkono wake juu ya bati kwa muda, kama anayempima mtoto homa. Alikuwa amekuja mapema makusudi, kabla ya wakati waliopatana, ili amfumanie muuzaji akiipasha injini. Gari la dizeli lililochoka haliwaki kirahisi asubuhi ya baridi. Mwenye nia ya kukuuzia ubovu huliwasha kabla hujafika, ukija unalikuta linanguruma kama paka aliyeshiba. Alilijua hilo kwa sababu mwaka jana lilimfika.

Lakini hili lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ama mwenyewe ni mtu mwema, alijiambia, ama ana ujanja mpya.

Jina hilo alipewa na watu wa sokoni, maana hata kiberiti hakununua bila kusema "hebu tuone" na kukitikisa sikioni. Siku hizi alikuwa na sababu zaidi. Shamba lake la viazi lilikuwa juu mlimani, mwisho wa njia ambayo malori ya kukodi huikataa mvua zikianza. Mwaka jana alinunua gari kwa mtu mwenye tabasamu pana, likamfia kwenye mwinuko, na viazi vikaozea ghalani. Tangu hapo shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa akimwambia kwa upole wa fisi kwamba mlima si mahali pa mwanamke mzee. Wakakubaliana mbele ya ukoo: mavuno ya safari hii yasiposhuka, shamba la juu linakwenda kwa shemeji. Viazi vilikwisha kuchimbwa. Na mawingu yalikwisha kuanza tabia yao ya kukaa kileleni asubuhi na kusahau kuondoka.

"Mama, ukizidi kulipapasa hivyo watadhani umekuja kuchumbia," alisema mkamwana wake, mke wa mwanawe mkubwa, aliyemsindikiza.

"Kuchumbia kuna nafuu. Mume mbaya unamkimbia. Gari bovu unalisukuma."

Mlango wa nyumba ulifunguka, akatoka mwenye gari. Alikuwa mchimba visima, mtu mrefu mwenye viganja vipana na shingo iliyoinama kidogo kwa miaka mingi ya kuangalia chini. Toka mlangoni hadi kwenye banda la gari palikuwa na mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, meupe pe, naye akaufuata polepole bila kuukata hata pembeni. Chokaa ilikuwa mbichi. Mama Hebu-Tuone akaitia akilini. Mtu anayepaka mawe rangi wiki anayouza gari anataka macho ya mgeni yaishie kwenye mawe.

"Karibuni," alisema mchimba visima. "Mnunuzi ni mama au binti?"

"Ni mimi."

"Basi lipo. Likague upendavyo." Alisema hivyo akitazama mahali fulani karibu na sikio la Mama Hebu-Tuone.

Asiyekutazama machoni ana lake jambo. "Unaliuza kwa nini?"

"Nimeacha kuchimba."

"Na kuchimba umeacha kwa nini?"

"Visima vinarefuka, mama, na mimi nafupika."

Mkamwana akacheka. Mama Hebu-Tuone hakucheka. Watu huficha mengi nyuma ya mzaha.

Akatandika gunia chini, akalala chali bila kujali umri wake, akaingia chini ya gari. Aligonga chesisi, uti wa gari, kwa spana, pande zote mbili, akisikiliza. Ikajibu kama kengele, hakuna palipokula kutu. Springi za nyuma ziliongezwa bamba kwa ajili ya mizigo mizito. Akatoka, akafungua kifuniko cha oili na kuchungulia kama kuna utando wa maziwa, dalili ya maji kuingia kwenye injini. Hakukuwa na utando. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakitumbukiza tena. Oili ilikuwa kipimo chake. Lakini kijiti chenyewe kilikuwa na mapengo mawili madogo yaliyokatwa kwa tupa, moja kwenye alama ya juu na moja kwenye alama ya chini.

"Haya mapengo ya nini?"

"Alama."

"Si zipo za kiwandani?"

"Zilifutika."

Hazikufutika. Alikuwa akiziona. Ule ukawa uongo wa kwanza, naye akauweka pembeni kama anavyoweka kiazi kilichooza, aje amwonyeshe muuzaji wakati wa bei.

Ubavu wa kushoto ulikuwa na mikwaruzo mirefu iliyofunikwa kwa brashi, kwa rangi iliyokaribia kufanana. "Mlango wa banda ni mwembamba," alisema mchimba visima kabla ya kuulizwa. Mama Hebu-Tuone akautazama mlango wa banda. Ng'ombe wawili wangepita wakiwa wamebanana ubavu kwa ubavu. Ndani ya gari, swichi ya taa ilizungushiwa waya, na ya vifagio vya kioo ilifungiwa kifungo cha shati.

"Una wajukuu watundu?"

"Hapa tuko wawili tu, mimi na mke wangu."

Akaingia nyuma ya usukani. Alizungusha ufunguo nusu, akangoja kitaa kidogo kizime, kama dizeli inavyotaka, kisha akamalizia. Ikawaka mara moja. Moshi mweusi ukatoka kidogo nyuma, ukawa mwepesi, ukaisha. Akashuka injini ikiwa inanguruma, akafungua tena kifuniko cha oili. Injini iliyokwisha hupumua moshi hapo kama mzee mvuta kiko. Hii haikupumua kitu.

Mchimba visima alikuwa amesimama kando, kichwa kimeinama upande. "Belti inaanza kulia," alisema. "Si kwa ubaya. Ibadilishe kabla ya msimu ujao."

Mama Hebu-Tuone akatega sikio na hakusikia belti yoyote. Muuzaji anayejitajia kosa mwenyewe! Huo sasa ulikuwa ujanja wa aina ambayo hakuwahi kukutana nayo.

"Naona gari halina kosa, mama," alinong'ona mkamwana.

"Gari lisilo na kosa ni kama mkwe asiye na kosa. Maana yake hujakaa naye."

"Nimesikia, mama."

Mke wa mchimba visima akaleta chai kwenye vikombe vya bati. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye madoa meupe kwenye kucha. Wageni aliwakabidhi vikombe mkononi. Cha mumewe alikigonga mara moja juu ya benchi, ko, ndipo akakiacha hapo. Mkono wa mume ukakifuata. Mama Hebu-Tuone aliliona hilo pia, ila hakujua aliweke wapi.

Alipomaliza chai alisema, "Sasa liendeshe wewe, tupande mlima."

"Endesha wewe, mama. Wewe ndiye mnunuzi."

"Kushuka nitaendesha mimi. Kupanda panda wewe. Ng'ombe simnunui mpaka mwenyewe amkamue mbele yangu. Anayejua kwamba ng'ombe wake anapiga teke hakubali kukaa chini yake."

"Goti linanisumbua."

Goti hilo hilo lilitoka mlangoni hadi bandani bila kuchechemea. Mama Hebu-Tuone akakunja gunia lake. "Mkwe wangu, twende zetu."

"Ngoja kwanza, mama," alisema mke wa mchimba visima, kisha akamtazama mumewe.

Mchimba visima alisimama, akapangusa viganja kwenye suruali. "Mlima huo nimeupanda nikiwa na mabomba. Nimeupanda na pampu. Mara moja nimeupanda na mama mwenye uchungu wa uzazi, akinitukana njia nzima."

"Basi na mimi leo nitakutukana kidogo tu. Twende."

Mkewe akafanya kama anataka kusema jambo, akaishia kuokota vikombe pamoja na mkamwana, aliyebaki naye.

Gari likatoka langoni taratibu mno, kisha likashika njia, na Mama Hebu-Tuone akashangaa. Mtu yule aliendesha kama anayesokota kamba aliyoisokota maisha yote. Alipunguza gia kabla mwinuko haujaonekana. Alilikwepa korongo kabla halijafika. Penye tope aliingiza gia ya kuvuta magurudumu yote manne, na gari likapanda bila kuteleza, kama mbuzi. "Hapa kuna jiwe upande wako, shikilia," alisema, na kweli jiwe likaja. Muda wote midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Anaomba dua, aliwaza Mama Hebu-Tuone. Mtu anayeomba dua ndani ya gari lake mwenyewe anajua kitu. Akaushika mlango. Lakini moyoni alikuwa ameanza kulipenda gari, akajionya, akaendelea kulipenda.

Wakakata kona. Katikati ya njia palikuwa na lundo la kokoto, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Kulia ukuta wa mlima, kushoto bonde.

Mchimba visima hakupunguza mwendo.

Mama Hebu-Tuone akangoja mguu wa mwenzake ugeukie breki. Tapeli hajiui mwenyewe, alijiambia, atakanyaga tu. "Mzee," alisema.

"Tumekaribia juu," alijibu mchimba visima, akitabasamu kidogo, akaongeza mafuta.

Mama Hebu-Tuone akaidaka breki ya mkono kwa mikono yote miwili.

Gari likapiga goti, likatetemeka, injini ikazima. Kokoto chache zikaporomoka na kugonga bampa. Kisha kukawa kimya, ila upepo wa bondeni.

"Kuna nini?" aliuliza mchimba visima.

Lundo lilikuwa karibu kiasi kwamba kivuli cha boneti kilikuwa kimelala juu yake. Mama Hebu-Tuone akalitazama, kisha akamgeukia mwenzake. Kwa mara ya kwanza akainama hadi pale macho ya mtu yule yalipokuwa yakitazama, akayaona: yalikuwa na ukungu, kama kioo cha dirisha la jikoni chungu kinapochemka. Akayakumbuka mapengo ya kijiti, ya kusomwa kwa ukucha. Waya kwenye swichi. Ubavu wa kushoto. Midomo iliyokuwa ikihesabu kona. Viazi vyote alivyokuwa ameviweka pembeni, hakuna hata kimoja kilichooza.

"Breki ya mkono," alisema. "Nilitaka kujua kama inashika."

Mchimba visima alipitisha kiganja juu ya usukani, taratibu, mzunguko mzima.

"Imeshika," alisema.

"Imeshika vizuri."

"Mbele kuna nini?"

"Kokoto. Wamemwaga watu wa barabara."

"Juzi hazikuwepo."

"Hazikuwepo, ndugu yangu."

Upepo ulileta sauti ya jogoo kutoka chini. "Ningekuua, mama," alisema mchimba visima.

"Na mimi ndiye niliyekulazimisha. Tumetoka sare."

"Mke wangu hajui. Nimemwambia ni goti."

Mama Hebu-Tuone aliyafikiria mawe yale, meupe pe, jiwe baada ya jiwe kutoka mlangoni. Akafikiria kucha zenye madoa ya chokaa, na kikombe kilichogonga benchi. Akafungua mdomo. Akaufunga. Kuna mizigo ambayo watu wawili wanaibeba kila mmoja akidhani yuko peke yake, na mgeni hana haki ya kuwatua.

"Mimi nimekuja kukagua gari," alisema. "La goti si langu. Hamia huku."

Wakabadilishana viti, yeye akizunguka gari kwa nje amemshika mkono, kwa sababu bonde lilikuwa karibu. Aliliwasha hapo hapo kwenye mwinuko. Likawaka. Akaachia breki kidogo kidogo, akarudi nyuma, akapita ubavuni mwa kokoto gurudumu moja likiparuza ukuta wa mlima.

"Usilikemee," alisema mchimba visima. "Sikiliza injini. Ikishuka sauti, ndipo ulipe gia ya chini."

"Haya niambie ukweli sasa. Lina kosa gani?"

"Belti."

"Na jingine?"

"Kiti cha dereva kinatoboa suruali. Kuna msumari."

"Nimeshauhisi," alisema Mama Hebu-Tuone, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wakacheka wote wawili.

Waliporudi alidai punguzo, tena kwa maneno makali, maana asingelidai mke wa mchimba visima angeshuku. Mchimba visima naye akalalamika vizuri. Mkamwana, aliyezoea, akawa anatazama kuku. Mambo yakaisha kwa kupeana mikono, na ule mkono mpana ukaushika wake na kuukawiza kidogo.

Mke wa mchimba visima aliwasindikiza hadi langoni.

"Mawe yako yanapendeza," Mama Hebu-Tuone alimwambia kupitia dirishani.

"Ni urembo tu, mama." Alimtazama moja kwa moja machoni, bila kupepesa.

"Urembo ni mzuri. Mvua zikianza usichoke kurudia chokaa."

"Sitachoka."

Wakaanza kuteremka. Bonde upande wa pili lilikuwa likiupokea mngurumo wa injini na kuurudisha, hivi kwamba ungedhani gari jingine linateremka mlima wa ng'ambo. Kwenye kioo cha pembeni Mama Hebu-Tuone alimwona mchimba visima ametoka nje ya lango. Amesimama wima, mkono ameuinua juu, anapunga. Anaupungia mlima wa ng'ambo.

Mkamwana aligeuka nyuma. "Anampungia nani yule?"

"Sisi."

Akashusha gia mapema, kabla ya mteremko, na sauti ya injini ikatulia. Akautoa mkono wake dirishani, akauinua juu kadiri ulivyofika, akauacha hapo hapo mpaka kwenye kona. Ndipo alipoisikia belti, nyembamba sana chini ya mngurumo, kama kifaranga.